London Calling ni panki, au ni usaliti wa panki?

Mwaka 1989 jarida la Rolling Stone la Marekani liliitaja London Calling ya bendi ya Uingereza ya The Clash kuwa albamu bora kuliko zote za miaka ya themanini. Tatizo ni kwamba santuri hiyo iliingia madukani Uingereza tarehe 14 Desemba 1979. Wamarekani waliipata Januari 1980, kwa hiyo kwa kalenda yao hawakudanganya. Basi hata mwaka wa kuzaliwa wa albamu hii una mabishano, na hayo ndiyo madogo kuliko yote.

Mabishano makubwa yamedumu zaidi ya miaka arobaini. Kuna wanaosema hii ndiyo albamu kuu ya panki. Kuna wanaosema ni albamu nzuri sana, ila panki haimo ndani yake. Na kuna kundi la tatu, dogo lakini lenye makelele, linalosema imesifiwa kupita kiasi tangu mwanzo: nyimbo 19, dakika 65, na robo yake ingeweza kubaki studio bila mtu kuulizia. (Kwa kinyozi panki ni mtindo wa nywele. Hapa nazungumzia muziki wa roki wenye kelele na hasira, ambao mashabiki wake waliutangaza mtindo huo duniani.)

Kinachofanya ugomvi huu usiishe ni kwamba wagombanao hawatumii kipimo kimoja. Mmoja anapima kwa sikio: muziki unasikikaje? Mwingine anapima kwa mfuko: nani alimlipa nani? Wa tatu anapima kwa nasaba: hawa vijana ni watoto wa nani? Ukimjibu wa mfuko kwa hoja ya sikio, mtakesha.

Tuanze na nasaba, maana ndiyo hoja nyepesi. Joe Strummer, mwimbaji mkuu, jina lake la kuzaliwa ni John Mellor. Alizaliwa Ankara mwaka 1952, baba yake akiwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, na utotoni familia ilihamahama kati ya Uturuki, Misri, Mexico na Ujerumani kabla hajapelekwa shule ya bweni ya kulipia. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuimba kwa lafudhi ya mitaani kuhusu vijana wasio na kazi. Wapinzani wake hawakumwachia. Lakini Mick Jones, mpiga gitaa, alilelewa na bibi yake kwenye fleti ya manispaa, na Paul Simonon, mpiga besi, alikulia Brixton. Hao ni watatu kati ya wanne wa bendi. Kama nasaba ndiyo cheti cha panki, itabidi tuwape wawili na kumnyima mmoja, jambo ambalo halina maana. Naipita.

Ila kuna kitu kimoja katika utoto wa Strummer kinachofaa kukumbukwa. Jina la albamu limetoka redioni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, matangazo ya BBC kwenda nchi zilizotekwa yalifunguliwa kwa maneno hayo ya kutangaza kwamba London inaita. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu hapa. Tangu Idhaa ya Kiswahili ya BBC ianze Juni 1957, sauti ya London ikitokea ndani ya kisanduku cha redio imekuwa sehemu ya jioni za nyumba nyingi za kwetu. Strummer aliichukua sauti hiyo ya utulivu na mamlaka akaipa taarifa ya habari ya kiama: barafu inarudi, ngano inakonda, mitambo ya nyuklia imekosewa, mto unapanda. Machi 1979 mtambo wa Three Mile Island huko Pennsylvania ulikuwa umepata ajali, na kizuizi cha mafuriko cha mto Thames kilikuwa bado kinajengwa. Kwa hiyo hofu ile haikuwa ya kubuni. Mwishoni mwa wimbo gitaa la Jones linatoa mlio wa simu ya upepo ya zamani, wito wa meli inayozama.

Sasa sikio.

Panki ya London ilipolipuka 1976 na 1977, kanuni zake zilikuwa chache: nyimbo fupi, za kasi, gitaa lenye kelele, hasira mbele, na marufuku kujidai fundi. Albamu ya kwanza ya The Clash, ya Aprili 1977, inatii kanuni hizo karibu zote. London Calling inazivunja karibu zote. Ndani yake kuna rege, ska, rokabili, jazi ya vilabu, muziki wa soul, piano, tarumbeta, na wimbo mmoja, The Card Cheat, ambao vyombo vyake vilirekodiwa mara mbili ili usikike mnene kama ukumbi mzima umejaa wapigaji. Mtu aliyeipenda albamu ya kwanza kwa sababu ya makelele yake ana haki ya kujiuliza amepewa nini.

Wafurukutwa wa panki hujibu kwa kukuonyesha albamu nyingine: Never Mind the Bollocks ya bendi ya Sex Pistols, ya Oktoba 1977. Hiyo, wanasema, ndiyo panki isiyochakachuliwa. Hapa ndipo hoja yao inapoanza kuvuja, na kuvuja kwenyewe kunatokea ndani ya jengo moja.

Studio za Wessex zilikuwa Highbury, kaskazini mwa London, katika jengo lililokuwa ukumbi wa kanisa. Sex Pistols walirekodia humo. The Clash walirekodia humo miaka miwili baadaye. Na fundi mitambo Bill Price alifanya kazi kwenye albamu zote mbili. Sasa angalia albamu ile “mbichi” ilivyopikwa. Mtayarishaji aliyefanya kazi na Price alikuwa Chris Thomas, mtu aliyesimamia uchanganyaji wa sauti wa The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, bendi ile ile ambayo Johnny Rotten, mwimbaji wa Sex Pistols, alijulikana kwa kuvaa fulana yenye maneno ya kuichukia. Sid Vicious, mpiga besi, hakuweza kupiga besi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya mpiga gitaa Steve Jones. Na lile gitaa linalosikika kama ukuta ni Jones huyo huyo akirekodi juu ya sauti yake mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, kwa uvumilivu wa seremala. Ni albamu nzuri mno. Lakini ubichi wake ni kazi ya mafundi.

(Kwa ndugu zetu wa Zanzibar: mwaka huo huo wa 1977, bendi ya Queen walikuwa wakirekodi Wessex wakati mmoja na Sex Pistols. Sid Vicious akamchokoza Freddie Mercury, yaani Farrokh Bulsara aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, kwa kumuuliza kama amefanikiwa kuwapelekea watu wa kawaida baleti. Freddie akamwita Simon Ferocious na kumtoa nje.)

Kwa hiyo tukisema London Calling si panki kwa sababu imepangwa vizuri, tutalazimika kuitupa na Bollocks. Tofauti iko mahali pengine. Sex Pistols walitumia ufundi ili wasikike kama hawana ufundi. The Clash waliacha ufundi uonekane.

Ufundi huo ulitoka wapi? Mwanzoni mwa 1979 hali ya bendi ilikuwa mbaya. Walikuwa wameachana na meneja wao Bernard Rhodes, walikuwa na madeni, na hawakuwa na mahali pa kufanyia mazoezi. Strummer na Jones, waliotunga nyimbo nyingi pamoja, hawakuwa na mzigo mpya wa kutosha. Vijana wao wa kazi wakawatafutia chumba nyuma ya gereji moja mtaa wa Causton, Pimlico, kikiitwa Vanilla. Humo walijifungia, mbali na waandishi wa habari na mashabiki. Walipiga nyimbo za watu wengine za kila aina, wakatunga, wakatoka kucheza mpira kwenye uwanja wa watoto ng'ambo ya barabara, wakarudi wakapiga tena. Kanda za mazoezi hayo zilitolewa kwa umma mwaka 2004, albamu ilipotimiza miaka 25, na ukizisikiliza unagundua jambo ambalo kelele za mabishano hulificha: walipoingia Wessex mwezi Agosti, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha.

Hii ndiyo sababu waliweza kumvumilia Guy Stevens. Stevens alikuwa mtayarishaji mwenye sifa ya zamani, DJ wa Soho aliyewafundisha vijana wa miaka ya sitini muziki wa Marekani, mtu aliyeiunda bendi ya Mott the Hoople ambayo Mick Jones aliipenda akiwa shuleni. Kufikia 1979 alikuwa mlevi na wengi walimkwepa. CBS, kampuni ya kurekodi, haikumtaka. Strummer alimtafuta mwenyewe baa kwa baa hadi akampata. Namna yake ya kuongoza kazi ilikuwa kurusha viti, kuzungusha ngazi hewani wakati watu wanapiga, na kumwaga mvinyo ndani ya piano. Hadithi hizo husimuliwa kama vichekesho, na wanaoisifia albamu hupenda kusema ule wazimu ndio ulioipa uhai. Nakubali nusu. Bendi isiyo na mazoezi, ukiirushia kiti, inasimama. Hawa waliendelea kupiga.

Mfano mzuri ni Brand New Cadillac, wimbo wa Vince Taylor wa 1959, ambao walikuwa wakiupiga ili kupasha misuli. Topper Headon, mpiga dramu, alitaka urudiwe kwa sababu mwendo unaongezeka kasi kadiri wimbo unavyosonga. Stevens akakataa, akasema roki yote huongeza kasi, akaubakiza. Uusikilize ukijua hilo. Kasi inapanda kweli, na ndiyo raha yake.

Na hapa nimfikie mtu ambaye pande zote mbili za ugomvi humsahau. Headon hakuwemo kwenye albamu ya kwanza. Alijiunga 1977, akitokea kwenye soul na jazi, na Sandy Pearlman, mtayarishaji wa albamu yao ya pili, alimpachika jina la mashine ya dramu ya kibinadamu. Bila yeye London Calling ingekuwa orodha ya matamanio. Bendi nyingi za panki zilipenda rege. Chache ziliweza kuipiga bila kusikika kama watalii. Sikiliza Rudie Can't Fail, kisha Clampdown, kisha Lost in the Supermarket, mikono ile ile ikibadilisha tabia bila kubadilisha mwenyewe. Wanaosema sifa ya albamu hii ni “aina nyingi za muziki” wanasifu kitu kisicho sifa. Mwaka uliofuata The Clash walitoa Sandinista!, santuri tatu, nyimbo 36, aina nyingi zaidi za muziki kuliko unavyoweza kuhesabu, na inachosha. Aina nyingi ni rahisi. Kinachoshikilia London Calling pamoja ni watu wanne waliokuwa wamepigia chumba kimoja kwa miezi mpaka kila mmoja akajua mwenzake atakanyaga wapi.

Kabla ya kuacha suala la sikio, kuna ushahidi mmoja ambao wafurukutwa huutumia vizuri. Mwaka 1977 The Clash walitoa wimbo uliotangaza kwamba mwaka huo hakuna Elvis, hakuna Beatles, hakuna Rolling Stones. Zaidi ya miaka miwili baadaye, jalada la London Calling lina herufi za waridi na kijani zilizopangwa sawasawa na albamu ya kwanza ya Elvis Presley ya 1956. Msanii Ray Lowry alifanya hivyo kwa makusudi. Je, si kula matapishi? Ingekuwa hivyo kama picha iliyo chini ya herufi hizo ingekuwa ya kijana anayeimba akitabasamu. Picha ni ya Simonon akilipigiza gitaa lake la besi, Fender Precision, kwenye jukwaa la ukumbi wa Palladium, New York, Septemba 1979, akiwa na hasira kwa sababu mabaunsa hawakuwaruhusu watazamaji kuinuka kwenye viti. Mpiga picha Pennie Smith hakutaka itumike. Aliona haijatulia, ina ukungu. Strummer na Lowry wakamshinda. Mwaka 2002 jarida la muziki la Q liliitaja kuwa picha bora ya roki ya wakati wote. Gitaa lenyewe lililovunjika liliwekwa kwenye maonyesho ya Museum of London mwaka 2019, ndani ya sanduku la kioo, watu wakilipitia polepole. Jambo hilo wafurukutwa wanaweza kulitumia zaidi kuliko zile herufi.

Tuje kwenye mfuko, ambako hoja ni nzito kweli.

Januari 1977 The Clash walisaini mkataba na CBS kwa pauni 100,000. Mark Perry, aliyekuwa akitengeneza kijarida cha Sniffin' Glue, alisema panki ilikufa siku hiyo. Bendi ya Crass, iliyoishi kwa pamoja kwenye nyumba ya shamba Essex na kuuza santuri zake kwa bei ya chini iliyochapwa kwenye jalada ili muuza duka asiipandishe, iliimba mwaka uliofuata kwamba panki imekufa, na ikawataja The Clash na CBS kwa majina. Huwezi kuwapuuza Crass. Walichokisema walikiishi.

Lakini fuata mkataba ule ulivyofanya kazi. CBS ilitoa wimbo wao kama singo bila kuwauliza. The Clash wakajibu kwa kutunga wimbo wa kuilalamikia kampuni, Complete Control, wakampa Lee Perry wa Jamaica autayarishe, na CBS hiyo hiyo ikautoa. CBS ya Marekani iliikataa albamu ya kwanza kwa madai kuwa sauti yake haifai, na zaidi ya kopi 100,000 zikaingia nchini humo kupitia maduka ya santuri za nje kabla kampuni haijabadili msimamo 1979. Halafu ikaja London Calling. Bendi ilitaka santuri mbili kwa bei ya moja. CBS ikakataa. Wakaomba basi angalau watoe singo ya inchi 12 bure ndani ya jalada. CBS ikakubali. Wakaenda studio, na ile singo ikaanza kunenepa, wimbo mmoja baada ya mwingine, mpaka ikawa santuri kamili yenye nyimbo tisa. Madukani ikauzwa takribani pauni 5.

Ujanja huo waliulipia wenyewe, kwa madeni ambayo hayakupungua kama yangeweza kupungua. Kwa Sandinista! walikwenda mbali zaidi wakaachia mrabaha wa kopi 200,000 za kwanza nchini Uingereza ili santuri tatu ziuzwe kwa bei nafuu. Mtu anayesema walifuata pesa anapaswa kueleza pesa hizo zilikwenda wapi. Na mtu anayesema walikuwa waasi safi anapaswa kueleza tangazo la magari ya Jaguar la 2002, ambamo wimbo wa kiama ule ule unauza gari la kifahari. Nikipima kwa mfuko, naona The Clash waliingia kwenye nyumba ya tajiri kwa mlango wa mbele na kutoka na vitu vingi kuliko walivyoingia navyo, kisha wakavigawa. Crass hawakuingia kabisa. Zote mbili ni njia. Moja iliwafikia watu wengi zaidi, ikafika nafasi ya 9 kwenye chati za Uingereza na ya 27 Marekani.

Kuna swali la nne ambalo mwaka 1979 wachache waliliuliza na leo linaulizwa sana: vijana hawa weupe walikuwa na ruhusa ya nani kupiga rege? Simonon alikua Brixton katikati ya Wajamaika; kwake huo ulikuwa muziki wa mtaani kwake. Vilabuni, DJ Don Letts alipiga rege ukumbini Roxy kwa sababu santuri za panki zilikuwa hazijatengenezwa za kutosha kujaza usiku. Urafiki ulikuwepo. Aprili 1978 The Clash walipiga bustani ya Victoria Park kwenye tamasha la Rock Against Racism, la kupinga ubaguzi wa rangi, chama cha kibaguzi cha National Front kikiwa kinatembea mitaani. Clampdown, wimbo mkali kuliko yote kwenye albamu, unahusu kijana wa kawaida anavyogeuzwa kuwa mtu wa kuwakandamiza wenzake, na unataja mavazi ya bluu na ya kahawia, yanayokumbusha sare za mafashisti, bila kupepesa.

Mimi huamua suala hili kwa kuangalia lebo ya santuri. Wrong 'Em Boyo ilikuwa ya The Rulers wa Jamaica, Revolution Rock ilikuwa ya Danny Ray, na majina ya watunzi yameandikwa, maana yake mrabaha unawahusu. Linganisha na kilichotokea mwaka mmoja baadaye katika mji huo huo. Ngoma za Burundi zilikuwa zimerekodiwa na Wafaransa miaka ya sitini. Malcolm McLaren, aliyekuwa meneja wa Sex Pistols, alimpa mwimbaji Adam Ant mdundo huo, na mwaka 1980 na 1981 ukawa mtindo wa chati za Uingereza. Wapiga ngoma wenyewe hawakujulikana majina. Kukopa na kuchota si kitu kimoja, na The Clash, kwa makosa yao yote, walikopa.

Hilo halina maana kwamba kila walichokopa walikitendea haki. Lover's Rock ndio wimbo dhaifu kuliko yote kwenye albamu. Umechukua jina la mtindo mtamu wa rege uliozaliwa London, mtindo wa wasichana wadogo waliozaliwa na wazazi wa Karibea, na ndani yake hakuna mtindo huo. Kuna somo la kitandani linalotolewa na mtu asiyeulizwa. Four Horsemen inajigamba bila sababu. Kihispania cha Spanish Bombs ni kibovu kiasi cha kumfanya Mhispania ainuke kitini, ingawa wimbo wenyewe, unaounganisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 na mabomu ya kwenye hoteli za watalii miaka ya sabini, na kumtaja mshairi Lorca aliyeuawa, ni miongoni mwa bora. Upande wa nne wa santuri, ambako nyimbo hizo mbili za kwanza nilizozilaumu zinafuatana, ndio unaowapa nguvu wale wanaosema albamu ingefaa ikatwe. Wana hoja. Ikiondolewa miwili hiyo, hakuna wa kulia.

Upande wa pili, kwa upande wangu, hauna doa kutoka mwanzo hadi mwisho, na unafungwa na The Guns of Brixton, wimbo wa kwanza wa Simonon kuandika na kuimba. Aliutunga kwa sababu aligundua wanaolipwa vizuri ni watunzi. Sauti yake ni ya mtu ambaye hajazoea kuimba, na inafaa kabisa kwa mtu anayesikia polisi mlangoni. Miezi kumi na sita baadaye, Aprili 1981, Brixton iliwaka moto kweli. Mlio wa besi wa wimbo huo ulichukuliwa mwaka 1990 na Beats International, na kibao chao kikafika namba moja Uingereza.

Linabaki suala la Train in Vain, ambalo kila upande hulitumia kama nyundo. Ni wimbo wa mapenzi, mwepesi, wa kuimbika, Mick Jones akilalamika kuachwa. Hakuna siasa, hakuna hasira, na haukuandikwa kwenye jalada. Kwa miaka mingi mashabiki waliamini bendi iliuficha kwa aibu, kwamba walijua ni wimbo wa kuuza redioni na hawakutaka wafurukutwa wauone. Ukweli ni mdogo kuliko hapo. Ulitungwa mwishoni kabisa ili utolewe bure na gazeti la NME kwa wasomaji wake, kwenye kisahani chepesi cha plastiki. Mpango ukavunjika. Majalada yalikuwa yameshachapwa, wakauchomeka mwisho wa upande wa nne, na jina lake likakwaruzwa kwenye santuri yenyewe, pale sindano inapomalizia. Huko Marekani ukawa wimbo wao wa kwanza kuingia thelathini bora, namba 23: wimbo wa kibiashara kuliko yote waliyokuwa wamefanya, uliotengenezwa ili ugawiwe bure.